Hatulii, anatembea usiku kucha: ni ugonjwa umerudi au ni dawa?

Swali

Daktari, mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Alilazwa kwa sababu ya kusikia sauti na kuamini kwamba kuna watu wanamfuata, akaanzishiwa vidonge vya haloperidoli. Siku ya tatu shingo yake ilipinda upande mmoja, macho yakapanda juu na kubaki huko. Alidungwa sindano, na baada ya nusu saa hivi mkazo ukaachia, kisha akapewa benzheksoli aendelee nayo. Sasa ni wiki ya tatu tangu aanze dawa. Sauti zimepungua sana, lakini hawezi kukaa: anatembea ndani ya nyumba usiku kucha, na akikaa miguu inacheza. Mama anasema ugonjwa umerudi, dozi iongezwe. Kaka yetu mkubwa anasema dawa ndiyo inayomharibu, iachwe leo. Mimi nimesoma kwamba dawa hizi zinaweza kumwachia mtu mdomo unaotafuna hewa maisha yake yote. Nimsikilize nani?

Jibu

Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa, ninachokishuku kwanza si kurudi kwa ugonjwa bali akathisia, yaani hali ya kutotulia mwilini inayoletwa na dawa yenyewe. Sijamwona mdogo wako, kwa hiyo uamuzi wa mwisho ni wa daktari atakayemchunguza; hata hivyo ninaweza kusema bila kusita kwamba mapendekezo yote mawili ya nyumbani kwenu, kuongeza dozi na kuikata ghafla, yana hatari, na kwamba jambo hili lisingoje tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Mrudisheni ndani ya siku moja au mbili. Kama ameanza kusema kwamba ni afadhali afe kuliko kuendelea hivi, mpelekeni leo.

Ili uelewe kwa nini dawa inayotuliza akili inaweza kuuvuruga mwili, inabidi tuangalie inafanya kazi vipi. Dawa za saikosi, yaani hali ya kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini yasiyo ya kweli kama alivyokuwa mdogo wako, zilianza na kloropromazini, iliyotumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, na haloperidoli ikatengenezwa nchini Ubelgiji mwaka 1958. Dawa hizi huziba vipokezi vinavyoitwa D2, yaani milango ambayo kupitia kwayo seli za ubongo hupokea dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati yao. Katika baadhi ya njia za ubongo, dopamini inahusika na namna akili inavyoyapa mambo uzito, na kuzibwa kwake huko ndiko kunakofanya sauti na shuku zipungue. Katika njia nyingine, inayotoka kwenye shina la ubongo kwenda kwenye viini vya ndani vinavyoratibu misuli, dopamini hiyohiyo ndiyo inayouwezesha mwendo uanze kwa wakati, uende kwa ulaini na ukome panapotakiwa. Kidonge hakichagui njia. Vipimo vya picha za ubongo vimeonyesha kwamba nafuu huanza kujitokeza dawa inapokuwa imeshika takribani asilimia 65 ya vipokezi hivyo, na kwamba matatizo ya mwendo huongezeka sana inapokaribia asilimia 80. Nafasi iliyo katikati ni nyembamba, na kwa haloperidoli miligramu chache zinatosha kuivuka. Kwa kijana anayetumia dawa hizi kwa mara ya kwanza, miligramu 2 hadi 4 kwa siku mara nyingi hutosha. Hukutaja mdogo wako anapewa ngapi, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ningelitazama kwenye kadi yake.

Kilichompata siku ya tatu kinaitwa distonia ya ghafla. Misuli hujikaza yenyewe na kuvuta shingo, taya, ulimi au macho upande mmoja, mgonjwa akiwa na fahamu zake zote na hofu kubwa. Visa vingi hutokea ndani ya siku 4 au 5 za mwanzo, au mara baada ya dozi kupandishwa, na kijana wa kiume anayepewa haloperidoli ni miongoni mwa walio katika hatari kubwa zaidi. Wasioijua huidhania kifafa au pepopunda. Dawa inayozuia asetilikolini, kemikali nyingine ya kupeleka ujumbe mwilini, kama vile biperideni au benztropini, ikidungwa huachia mkazo kwa muda mfupi, kama mlivyojionea. Mara chache mkazo hushika koo, na mgonjwa akianza kukoroma akiwa macho, akashindwa kumeza au kuvuta pumzi, hakuna muda wa kusubiri hata kidogo. Distonia ya mdogo wako imepita bila kuacha kilema, lakini imetoa taarifa ya maana: mwili wake ni mwepesi kuathirika na dawa hii kwa dozi aliyopewa. Iandikwe kwenye faili lake kwa mwandiko unaosomeka, pamoja na jina la dawa na dozi, kwa sababu mtu aliyepata tatizo moja la mwendo mapema yumo katika hatari zaidi ya kupata mengine.

Sasa nije kwenye kutotulia kwake, ambako ndiko makosa mengi hufanyika.

Akathisia ina pande mbili, na ule usioonekana ndio mzito. Kwa ndani, mtu anahisi msukumo wa kusogea usiomwachia nafasi. Wengine husema uko miguuni, wengine husema uko kifuani, na wapo wanaoshindwa kuueleza kabisa wakabaki kusema kwamba wanajisikia vibaya. Kwa nje, tunaona miguu inayopishana, mtu anayekaa na kuinuka, na akisimama anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule kana kwamba anapiga hatua papo hapo. Kipimo kilichotungwa na daktari Thomas Barnes mwaka 1989, ambacho bado kinatumika, kinamtaka mchunguzi amwangalie mgonjwa akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama, angalau dakika mbili kwa kila mkao, huku wakizungumza mambo ya kawaida; baada ya hapo ndipo amwulize anahisi nini ndani yake. Katika kliniki yenye foleni ndefu dakika hizo nne ni adimu. Nyumbani mnazo. Keti naye, zungumzeni jambo lolote lisilohusu ugonjwa, na uiangalie miguu yake badala ya uso.

Kisha mwulize swali moja: ukijilazimisha kukaa kimya, kunatokea nini? Mtu anayetembea kwa sababu ya saikosi kwa kawaida ana habari ya kusimulia. Anakwenda dirishani kuchungulia, anaikimbia sauti, au ameamriwa asikae. Mwenye akathisia mara nyingi hana habari hiyo. Atakuambia kwamba mwili haumpi nafasi, kwamba akitembea anapata afueni kidogo na akikaa inarudi palepale, na kwamba yeye mwenyewe anakereka. Ukweli kwamba sauti za mdogo wako zimepungua wakati uleule ambao kutotulia kumeongezeka unanielekeza upande huu wa pili, na muda nao unalingana, kwa kuwa akathisia huanza siku chache hadi wiki chache baada ya dawa kuanzishwa au dozi kupanda. Si ugonjwa wa nadra: kwa dawa za zamani kama haloperidoli, makadirio mengi humkuta mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano. Sitaki kukuficha kwamba hali zote mbili zinaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja, na ndiyo maana namtaka mchunguzi amwone, asiletewe maelezo tu.

Mama yenu hana kosa kufikiri kwamba ugonjwa umerudi. Wahudumu wa afya nao hufikiri hivyohivyo, na hapo mnyororo mbaya huanza: mgonjwa hatulii, anaandikiwa kuwa amechachamaa, dozi inaongezwa, vipokezi vingi zaidi vinazibwa, anazidi kutotulia, dozi inaongezwa tena. Mtu aliye katikati ya mnyororo huo anaweza kuwa mkali, kukataa dawa zote, au kukata tamaa kiasi cha kutaka kujiua. Mimi huihesabu akathisia kali kuwa jambo la dharura hata kama mgonjwa ameingia kliniki kwa miguu yake mwenyewe.

Matibabu huanzia kwenye dawa iliyoleta tatizo. Hatua ya kwanza ni daktari kupunguza dozi, au kama haiwezekani, kumhamishia polepole kwenye dawa yenye mkono mwepesi zaidi kwa upande wa mwendo, kama vile kwetiapini au olanzapini. Hizi nazo zina madhara yake, hasa uzito na sukari ya damu, kwa hiyo hakuna kubadilisha bila kupanga ufuatiliaji. Tahadhari moja hapa: upya wa dawa si kinga. Aripiprazoli ni ya kizazi kipya na inajulikana sana kwa kuleta akathisia, na risperidoni ikipandishwa dozi huanza kufanana na zile za zamani. Pale ambapo mgonjwa anahitaji afueni wakati dozi ikirekebishwa, huongezwa propranololi, kwa kawaida miligramu 30 hadi 80 kwa siku zikigawanywa, mradi hana pumu na mapigo ya moyo au shinikizo la damu haviko chini mno. Mirtazapini kwa dozi ndogo ya usiku ni njia nyingine, na dawa za jamii ya diazepamu zinaweza kusaidia kwa siku chache tu.

Huenda unajiuliza mbona benzheksoli anayoitumia haijamsaidia. Dawa hiyo ni nzuri kwa distonia na husaidia kukakamaa na kutetemeka, lakini kwa akathisia haina nguvu inayodhaniwa. Wakati huohuo inakausha mdomo, inafunga choo, inazuia mkojo kwa baadhi ya watu na kupunguza kumbukumbu. Shirika la Afya Duniani linashauri isitolewe kwa mazoea kwa kila anayeanzishiwa dawa za saikosi. Kwa mtu aliyekwisha kupata distonia kama mdogo wako, kuitumia kwa muda ni sawa. Kubaki nayo miaka kwa sababu tu ilikuwa kwenye kadi si sawa. Nayo pia hupunguzwa kidogokidogo, haikatwi kwa siku moja.

Nimgeukie kaka yako. Anachokiona ni kweli, dawa inamtesa mdogo wenu, lakini suluhisho alilolipendekeza, la kuacha leo, linaweza kuwa baya kuliko tatizo lenyewe. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu unaoleta saikosi, uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika muda wa takribani mwaka mmoja, asilimia 64 ya waliowekwa kwenye vidonge visivyo na dawa walirudiwa na ugonjwa, dhidi ya asilimia 27 ya walioendelea na matibabu. Tena kukata ghafla kunaweza kwenyewe kuleta kutotulia, kukosa usingizi na miondoko isiyo ya hiari, ambayo familia itaisoma kama ugonjwa au kama madhara, isijue ni ipi. Kama angekuwa anapewa sindano ya muda mrefu, ile ya kila wiki kadhaa, tungekuwa na shida nyingine: dawa iliyokwisha kuingia haitoki kwa kuiacha, inaendelea kufanya kazi wiki nyingi. Kwa kijana aliyeathirika na vidonge mapema namna hii, mimi nisingekubali sindano ya haloperidoli ya muda mrefu kabla ya kupata dawa na dozi inayomfaa.

Kuna tatizo jingine ambalo hukulitaja lakini linaweza kujitokeza wiki au miezi michache mbele, nalo ni dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson: uso usioonyesha hisia, mikono isiyopunga wakati wa kutembea, hatua fupi, kutetemeka, mate kuchuruzika. Watu hufurahi kwamba mgonjwa ametulia. Huenda hajatulia, amekakamaa. Njia rahisi ya kuligundua ni kumtazama akitembea bila kujua anatazamwa, na kulinganisha mwandiko wake wa sasa na ule wa kabla ya kuugua, kwa sababu herufi hupungua ukubwa. Dozi ikipunguzwa hali hii kwa kawaida huondoka, ingawa inaweza kuchukua miezi.

Kuhusu mdomo unaotafuna hewa, ulichosoma kipo, na kinaitwa diskinesia ya kuchelewa. Ulimi hujikunja na kuchungulia, midomo hujibana na kujisukuma mbele, taya hutafuna, vidole hucheza kana kwamba vinapiga kinanda. Mara nyingi mwenyewe hana habari mpaka aambiwe. Ilianza kuelezwa na madaktari mwaka 1957, miaka mitano tu baada ya kloropromazini. Haiji kwa wiki tatu. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi au miaka, na kwa waliovuka miaka 60 inaweza kuja mapema zaidi. Kwa watu wazima wanaotumia dawa za zamani, makadirio yanayokubalika ni karibu asilimia 5 ya wagonjwa kila mwaka, kwa wazee ni zaidi sana, na kwa dawa mpya ni pungufu lakini si sifuri. Wanawake, wenye kisukari, walioumia ubongo, na wale ambao, kama mdogo wako, walipata matatizo ya mwendo mwanzoni, wana hatari zaidi. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, ila si sababu ya kuacha dawa wiki ya tatu. Ni sababu ya kutumia dozi ndogo kabisa inayotosha na kumchunguza mara kwa mara.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine. Tangu mwaka 1976 kuna kipimo kilichotayarishwa na taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, na mhudumu aliyefunzwa hukimaliza kwa dakika kama kumi. Mgonjwa anaulizwa kama ana kitu mdomoni, akitoe. Anakaa kwenye kiti kigumu, mikono ikiwa magotini, miguu imekanyaga sakafu. Anafungua mdomo na ulimi unatazamwa ukiwa umetulia ndani, kisha anautoa nje, mara mbili. Halafu anagusanisha kidole gumba na kila kidole kwa haraka, mkono wa kulia kisha wa kushoto, na hapo mchunguzi haangalii ule mkono bali uso na miguu, kwa kuwa akili ikishughulishwa na jambo jingine, miondoko iliyofichika hutoka. Ombeni kipimo hiki kifanywe sasa, kabla ya kubadilisha lolote, ili kuwe na rekodi ya mwanzo, kisha kirudiwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita.

Diskinesia hii ikigunduliwa mapema, kupunguza au kubadilisha dawa kunaweza kuirudisha nyuma. Ikizoeleka miaka, kwa wengi hubaki. Benzheksoli hapa haisaidii na mara nyingi huizidisha, jambo ambalo hata baadhi ya waandikaji wa dawa hulisahau. Kuongeza dozi ya dawa ya saikosi huficha miondoko kwa muda huku tatizo likiendelea chini kwa chini. Klozapini ni chaguo zuri kwa mtu anayehitaji kuendelea na matibabu, ila inadai vipimo vya damu vya mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe kwa kiwango cha hatari. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dawa mbili mahususi kwa diskinesia hii, valbenazini na deutetrabenazini. Hupunguza miondoko, ingawa haziondoi chanzo chake.

Nisiache kutaja dalili moja ambayo kila mtu nyumbani lazima aijue, hata yule asiyesoma haya yote. Mtu anayetumia dawa za saikosi akipata homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao, jasho jingi, mapigo ya moyo kwenda mbio na fahamu kuvurugika, asipewe kidonge kinachofuata. Akimbizwe hospitali na mseme wazi anatumia dawa gani. Ni hali adimu, lakini inaua.

Mtakapokwenda kliniki, chukueni vidonge vyote anavyotumia, pamoja na vile vya maradhi mengine. Metoklopramidi, inayotolewa kwa kichefuchefu na kutapika, huziba vipokezi vilevile vya dopamini na huleta matatizo haya haya, na mara nyingi haimo kwenye orodha ya daktari wa akili kwa kuwa iliandikwa na mtu mwingine. Mwambie daktari tarehe ambayo dawa ilianza, tarehe ya distonia, siku ambayo kutotulia kulianza na kama dozi ilipandishwa kabla ya hapo. Kama unayo simu, mrekodi mdogo wako kwa dakika mbili akiwa amekaa na mbili akiwa amesimama, kwa ridhaa yake, maana wapo wanaojizuia vizuri mbele ya daktari na kuanza tena wakishatoka mlangoni. Ulizeni pia kama upungufu wa madini ya chuma umepimwa, kwa kuwa unahusishwa na kutotulia kwa aina hii na unatibika.